Mguu wangu umepungua, moyo wa mzee umenenepa

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni kijana wa miaka 27, niko Morogoro. Mwezi wa tatu nilipata ajali ya bodaboda nikavunjika mguu wa kushoto, nikafungwa hogo kuanzia pajani kwa wiki nane. Siku linakatwa nilishtuka, mguu ulikuwa kama si wangu. Mwezi huo huo mzee wangu, ana miaka 61, alipimwa moyo akaambiwa misuli ya moyo imenenepa kwa sababu ya presha aliyokaa nayo miaka mingi bila dawa. Nimebaki na maswali. Mimi seli zangu zimekufa? Yeye zake zimeongezeka? Watu wanakwenda jimu kutafuta misuli, sasa moyo ukiongeza misuli kwa nini uitwe ugonjwa? Na je, moyo wake utarudi kama mguu wangu unavyoanza kurudi?

Jibu: Marahaba kijana wangu, na pole sana kwa ajali. Umeuliza maswali manne kwa pumzi moja, na la tatu huwatoa jasho hata wanafunzi wangu wa udaktari, kwa hiyo nitakaa nalo zaidi.

Majibu mafupi kwanza, usije ukachoka njiani. Seli za mguu wako hazikufa, zilikonda. Seli za moyo wa mzee hazikuongezeka idadi, zilinenepa. Na ndiyo, moyo wake unaweza kurudi nyuma, pengine kwa kiasi kizuri tu, ila hautarudi kwa njia unayorudia mguu wako, na kuna sehemu ambayo ikishaharibika ndiyo basi.

Kazi yangu ni darubini. Wagonjwa wangu wengi siwajui sura. Naletewa kipande cha nyama kilichokatwa chembamba kuliko karatasi, kimebandikwa juu ya kioo na kutiwa rangi ya zambarau na ya waridi. Ukikaa na vioo hivyo miaka mingi, unagundua kwamba seli haina maneno mengi. Mzigo ukiongezeka, inanenepa au inagawanyika zipatikane nyingi. Mzigo ukipungua, inakonda. Mazingira yakiwa ya kuunguza kila siku, nafasi yake inachukuliwa na seli za aina nyingine zenye kuhimili. Haya yote yakishindikana, inaumia, na ikiumia kupita kiasi inakufa. Magonjwa yaliyoandikwa vitabuni ni maelfu, na nyuma ya karibu yote unakuta majibu haya machache yakijirudia. Rudolf Virchow, daktari Mjerumani, ndiye aliyelisimamia jambo hili katika mihadhara yake ya Berlin mwaka 1858, wakati ambapo wengi bado walikuwa wakitafuta ugonjwa kwenye majimaji ya mwili yaliyochafuka. Yeye akasema tazameni kwenye seli.

Mwili wa mtu mzima una seli kama trilioni 30, nyingi mno kati ya hizo zikiwa seli nyekundu za damu. Tukiziacha hizo nyekundu, ambazo hazina kiini, seli ya kawaida ina utando unaoizunguka, kiini chenye vinasaba, mitokondria zinazochoma sukari na mafuta kupata nishati, na ribosomu zinazounda protini. Hayo uliyasoma sekondari. Ambalo pengine hukuambiwa ni kwamba seli haijengwi mara moja ikaisha. Protini zake zinabomolewa na kujengwa upya usiku na mchana. Unene wake ni kama unga kwenye pipa la mama lishe: kila siku anachota, kila siku anamimina. Ukikuta pipa limeshuka, usikimbilie kusema limetoboka. Huenda wiki hii amemimina kidogo.

Twende kwenye mguu. Msuli wa paja umeundwa na seli ndefu kama nyuzi, na kila uzi mmoja una viini vingi sana, si kimoja. Ndani yake zimepangwa protini mbili, aktini na miosini, ambazo huvutana na ndipo msuli hujikunja. Hogo lilipofungwa, msuli haukuvuta kitu wala haukunyooshwa. Kumimina kukapungua, kuchota kukaendelea. Na kuchota huku kuna utaratibu wake. Protini inayotakiwa kuondoka hubandikwa kijiprotini kidogo kiitwacho ubikwitini, kama nyumba iliyojengwa ndani ya hifadhi ya barabara inavyopigwa X nyekundu ukutani, halafu inapelekwa kwenye kinu kiitwacho proteasomu na kukatwakatwa. Vipande vyake havitupwi, vinatumika kujengea vingine. Waliogundua utaratibu wa ubikwitini walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Njia nyingine ni ya seli kula sehemu zake yenyewe, mitokondria chakavu na kadhalika, na huyo aliyeifumbua, Yoshinori Ohsumi wa Japani, akapewa yake mwaka 2016.

Kasi ya mambo haya inashangaza. Watafiti waliwahi kuwafunga mguu vijana wenye afya nzuri, kwa hiari yao, ili kupima. Baada ya siku 5 tu msuli wa mbele wa paja ulikuwa umepungua kwa asilimia 3 na nusu hivi, na baada ya wiki 2 kama asilimia 8. Nguvu ilishuka haraka zaidi kuliko unene. Wewe ulikaa wiki nane, tena na mfupa uliovunjika, kwa hiyo usishangae ulichokiona siku hogo linakatwa.

Hali hii tunaiita atrofia. Nakuomba usiichukie. Mguu usiofanya kazi halafu ukaendelea kula kama unaofanya kazi ungekuwa hasara kwa mwili, hasa mwili wa mgonjwa anayehitaji protini za kuunga mfupa. Nyuzi zako zipo, idadi yake ni karibu ile ile, zimebaki nyembamba tu. Pembeni ya kila uzi kuna seli ndogo zilizolala, zinaitwa seli setilaiti. Alexander Mauro aliziona mwaka 1961 kwenye msuli wa chura kwa darubini ya elektroni. Unapoanza mazoezi zinaamka, zinagawanyika na kujiunga na nyuzi, na kuziongezea viini. Nyuzi zinamiminiwa protini upya, na seli hizi zinasaidia; ndiyo maana mguu wako unarudi.

Sasa moyo wa mzee, na hapa ndipo penye uhondo.

Chumba cha kushoto cha chini cha moyo ndicho kinachosukuma damu kwenda mwili mzima. Kila kinapojikunja lazima kwanza kishinde shinikizo lililopo ndani ya mshipa mkuu, la sivyo mlango wa kutokea haufunguki. Kwa mtu wa kawaida shinikizo hilo ni kama 80 mlango unapofunguka, kisha hupanda hadi kama 120 damu ikisukumwa. Kwa mtu mwenye presha isiyotibiwa linaweza kupanda hadi 170 au 180. Moyo hupiga kiasi cha mara laki moja kwa siku. Mzee amekaa miaka mingi akifungua mlango uliosukumwa na mtu kwa upande wa pili, mara laki moja kila siku, Ijumaa na Jumapili zikiwemo.

Seli za ukuta wa chumba hicho zingeweza kujibu vipi? Zingekuwa seli za ngozi au za ini zingegawanyika, zikawa nyingi, mzigo ukagawanywa. Seli za misuli ya moyo karibu haziwezi kufanya hivyo. Uwezo wa kugawanyika huziishia muda mfupi baada ya mtoto kuzaliwa. Jinsi hili lilivyopimwa ni kisa chenyewe. Kati ya miaka ya 1950 na mwaka 1963 mataifa makubwa yalilipua mabomu ya nyuklia angani, na hewa ikajaa kaboni 14, aina ya kaboni yenye mionzi. Kaboni hiyo iliingia kwenye mimea, kwenye chakula, na kwenye vinasaba vya kila seli iliyozaliwa wakati huo. Baada ya majaribio ya angani kusimamishwa, kiwango chake kikawa kinashuka mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo ukipima kaboni 14 kwenye vinasaba vya seli, unaweza kukadiria ilizaliwa lini, kama mtu asomaye tarehe kwenye pakiti ya maziwa. Kundi la Jonas Frisén huko Stockholm lilifanya hivyo kwa seli za moyo na kutoa matokeo mwaka 2009. Mtu wa miaka 25 hubadilisha kama asilimia 1 ya seli zake za misuli ya moyo kwa mwaka, na akifika miaka 75 ni chini ya nusu ya hapo. Yaani mzee wako, akiwa na miaka 61, bado anatumia sehemu kubwa ya seli zile zile alizozaliwa nazo.

Basi seli isiyoweza kuzaa mwenzake hubaki na njia moja, inenepe. Inaongeza aktini na miosini, inazipanga ubavu kwa ubavu, na ukuta unakuwa mnene. Tunaiita haipatrofia. Na hili si kosa la seli, ni hesabu. Mfaransa Laplace alishaionyesha kanuni yake: mvutano ndani ya ukuta wa chombo hupanda shinikizo likipanda, na hushuka ukuta ukinenepa. Ukuta ukinenepa, kila uzi unabeba mzigo unaokaribiana na ule wa zamani, ingawa presha iko juu. Ndiyo sababu mzee alikaa miaka hasikii kitu. Seli zake zilikuwa zinamfichia ugonjwa.

Ukuta wa kawaida wa chumba hicho ni milimita 6 hadi 10 hivi. Kwenye presha ya muda mrefu si ajabu kukuta 13 au 15. Moyo wenyewe, ambao kwa mwanamume mtu mzima huwa na uzito wa kama gramu 300, unaweza kupita 500. Kwenye darubini naona nyuzi zilizotuna, na viini vyake, badala ya kuwa mviringo kama yai, vimekuwa vikubwa, vyeusi, vyenye kona, kama behewa la mizigo ukilitazama kutoka juu. Mwanafunzi akishaliona behewa hilo mara moja halisahau.

Kunenepa huku kuna gharama, na gharama yenyewe inalipwa polepole. Chukua nyumba ya chumba kimoja iliyopandishwa ghorofa tatu huku bomba la maji likiwa ni lile lile la nusu inchi. Seli imetuna, lakini kapilari, ile mishipa midogo kabisa inayoileta oksijeni mlangoni, haikuongezeka kwa kiwango hicho. Oksijeni sasa inasafiri mbali zaidi kufika katikati ya seli. Mitokondria, ambazo kwenye seli ya moyo mzima huchukua karibu theluthi moja ya nafasi yote, zinaanza kupungukiwa ukilinganisha na nyama ya kuilisha. Seli inabadilisha hata kuni zake: moyo wa mtu mzima kwa kawaida huchoma zaidi mafuta, ila huu mnene unaegemea kwenye sukari, ambayo inadai oksijeni pungufu kidogo kwa kila kiasi cha nishati.

Tena seli huanza kuwasha jeni ambazo chumba hiki kilizitumia mtu akiwa bado tumboni mwa mama yake. Mojawapo huzalisha homoni inayokwenda kuiambia figo itoe chumvi na maji ili presha ipungue. Fikiria hilo: seli iliyolemewa inapeleka barua kwa figo kuomba msaada. Mimi hujiuliza ingekuwaje kama mwenye seli angeisoma barua hiyo mapema.

Gharama kubwa kuliko zote haimo ndani ya seli, iko katikati yake. Kuna seli nyingine ndani ya ukuta wa moyo ambazo kazi yake ni kusuka kolajeni, ile protini ya kovu. Zikichokozwa na presha na homoni zinazopanda nayo, zinasuka kupita kiasi. Ukuta unakuwa mgumu. Moyo mgumu bado unasukuma vizuri, shida yake ni kupokea: haulegei kwa urahisi damu iingie. Damu inarudi nyuma kwenye mapafu, na ndipo mtu anaanza kukosa pumzi akipanda ngazi, kisha akilala chali, kisha anaongeza mito usiku bila kujua kwa nini.

Hapa niingize neno moja kuhusu lugha yetu. Mtaani tunasema "moyo umepanuka" kwa vitu viwili tofauti. Ukuta kunenepa ni kitu kimoja. Chumba kutanuka na ukuta kulegea ni kitu kingine, mara nyingi cha hatua ya mbele zaidi, seli nyingi zikiwa zimeshakufa na zilizobaki zimenyooshwa. Wewe umeandika "imenenepa", na natumaini ndivyo daktari alivyosema. Karatasi ya kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, inaonyesha yote mawili: unene wa ukuta kwa milimita, upana wa chumba, na asilimia ya damu inayotolewa kwa pigo moja. Ikiwa asilimia hiyo ni 55 au zaidi, kusukuma kwa moyo wa mzee bado ni kuzuri, hata kama kupokea kumeanza kuwa kugumu.

Sasa swali lako la jimu. Ni kweli kwamba mazoezi hunenepesha moyo. Mwaka 1899 daktari wa Sweden, Salomon Henschen, aliwapima wanamichezo wa mbio za theluji kwa kugonga vifua vyao kwa vidole tu, akagundua mioyo yao ni mikubwa, na akasema waziwazi kuwa mioyo hiyo ni yenye nguvu. Mkimbiaji wa marathoni wa Iten kule Kenya ana moyo mkubwa kuliko wangu na wako, na wala si mgonjwa.

Sehemu ya tofauti iko kwenye mapumziko. Mkimbiaji anaupa moyo wake mzigo kwa saa moja, mbili, kisha anaoga, anakula ugali, analala. Saa zote zilizobaki moyo unapiga taratibu kuliko wa mtu wa kawaida. Katika saa hizo kapilari mpya zinaota, mitokondria zinaongezeka, chumba kinakua pamoja na ukuta wake, na kolajeni haisukwi ovyo. Hata ujumbe unaoamrisha kukua ni mwingine: kwenye mazoezi unatawaliwa zaidi na homoni za ukuaji wa kawaida, kwenye presha unatawaliwa na angiotensini, homoni inayopandisha presha, na wenzake, ambao huchochea kovu. Na mwanariadha akiacha mazoezi, moyo wake hupungua baada ya miezi. Presha haina likizo. Haipumziki mzee akilala, haipumziki akisali. Seli inayokua bila kupata hata usiku mmoja wa kukarabati haikui vizuri.

Ulitaka kujua kama seli huongezeka idadi. Zinaongezeka, kwenye viungo vingine. Rovu ni mfano ambao wazee wa Nyanda za Juu Kusini wanaukumbuka vizuri, kabla chumvi haijaanza kutiwa madini joto kwa wingi miaka ya 1990. Tezi ya shingo ikikosa madini hayo haiwezi kutengeneza homoni yake, ubongo unapiga kelele ya kuitaka ifanye kazi, na tezi inajibu kwa kuzaa seli na kuvimba. Tezi dume ya wazee wanaoamka usiku mara nne kukojoa ni hivyo hivyo. Hii inaitwa haipaplasia. Wakati mwingine unene na wingi huja pamoja: mfuko wa uzazi una uzito wa gramu 60 au 70, na mimba ikifika mwisho unakaribia kilo moja, halafu baada ya kujifungua unarudi wenyewe ndani ya wiki chache. Sijaona kazi ya kukua na kupungua iliyo nadhifu kuliko hiyo.

Jibu la kubadili aina ndilo linalonipa wasiwasi zaidi kwenye kazi yangu. Mtu akikaa miaka na kichocho cha mkojo, kama bado wanavyokaa wengine Pemba, Unguja, na vijiji vya Usukumani vyenye malambo na majaruba, mayai ya mnyoo hukwama kwenye ukuta wa kibofu na kuuchubua kila siku. Seli laini zinazokitandika kibofu hubadilishwa na seli bapa, ngumu, za kama ngozi. Metaplasia. Zinahimili, lakini hazikuwekwa pale kwa ajili hiyo, na mchokozo ukiendelea, baadhi huanza kupoteza nidhamu ya kugawanyika mpaka zinakuwa saratani. Njia ya hewa ya mvutaji sigara hupita huko huko. Hata hivyo metaplasia yenyewe si saratani. Kwenye shingo ya kizazi ya msichana aliyebalehe ni jambo la kawaida kabisa, na nimewahi kupokea simu zaidi ya moja za wanawake waliosoma neno hilo kwenye majibu yao wakaanza kuaga watoto.

Kuna mpaka ambao seli haiwezi kuhimili tena. Kwenye utando wake kuna pampu inayotoa sodiamu tatu na kuingiza potasiamu mbili, bila kusimama, na inakula nishati nyingi. Damu ikikatika, nishati inaisha, pampu inasimama, sodiamu inabaki ndani na kuvuta maji. Seli inavimba. Hadi hapo, damu ikirudi, seli inapona na kusahau. Seli ya moyo iliyokatiwa damu huacha kujikunja ndani ya dakika moja, lakini bado iko hai. Ikipita dakika 20, 30, utando unapasuka, na vilivyokuwa ndani vinamwagika kwenye damu. Troponini inayopimwa hospitali mtu akiumwa kifua ni hiyo, protini ya moyo iliyomwagika. Kwa moyo mnene mpaka huu uko karibu zaidi, kwa sababu oksijeni yake ilishakuwa ya kuungaunga. Mzee akipata maumivu ya kifua yasiyoisha, msisubiri asubuhi.

Swali la mwisho, kurudi. Kuna ushahidi mzuri, na unaanza na mguu wako. Watu wenye afya waliolazwa kitandani wiki 6 mfululizo kwa ajili ya utafiti walipimwa mioyo yao, na uzito wa chumba cha kushoto ulikuwa umeshuka kwa asilimia 8. Moyo nao hukonda ukikosa kazi, kama paja ndani ya hogo. Seli zake zina pipa lile lile la unga. Kwa hiyo ukimpunguzia mzee presha, unapunguza kinachomiminwa.

Ndivyo ilivyoonekana kwa wagonjwa pia. Utafiti uitwao LIFE, uliotolewa mwaka 2002, ulifuatilia watu 9,193 wenye presha na dalili za moyo mnene kwenye kipimo cha umeme wa moyo, kwa karibu miaka 5. Nusu walipewa dawa ya presha iitwayo losartan, nusu nyingine ya presha iitwayo atenolol. Presha ilishuka karibu sawa kwa makundi yote mawili, lakini unene ulipungua zaidi kwa wale wa losartan, dawa inayozuia ile angiotensini niliyoitaja. Na waliopungukiwa na unene walipata viharusi na vifo vya moyo vichache kuliko ambao haukupungua. Hii haina maana ukamnunulie losartan duka la dawa. Daktari wake ataangalia figo zake, potasiamu yake na dawa nyingine anazotumia kabla ya kuchagua, na wengi huhitaji dawa mbili.

Kitakachorudi ni unene wa seli. Miezi inatosha kuanza kuonekana, na huendelea hata mwaka wa pili na wa tatu. Kolajeni hurudi kidogo na kwa shida. Seli iliyokufa hairudi. Nafasi yake ni kovu, na umeshaona kwenye hesabu ya Stockholm kwa nini. Kwa hiyo kila mwezi ambao mzee anaacha dawa kwa kuwa "najisikia vizuri" seli zinarudi kwenye kazi ile ile ya kumfichia. Atajisikia vizuri, sibishi. Alijisikia vizuri miaka yote hiyo. Chumvi yake ya siku isizidi gramu 5, ambayo ni kijiko kimoja cha chai, ikiwemo ile iliyomo kwenye mkate na supu ya mtaani. Kutembea ni ruhusa, na ni kuzuri, presha ikishadhibitiwa. Kunyanyua vyuma vizito huku amebana pumzi, hapana. Kliniki ijayo mwulizie unene wa ukuta kwa milimita na ile asilimia, ziandikeni, na baada ya mwaka daktari akirudia eko mtakuwa na cha kulinganisha.

Na wewe chukua futi ya fundi cherehani. Pima mapaja yote mawili, sentimita 15 juu ya ukingo wa pia ya goti, mguu umenyooka na msuli umelegea, siku moja kila wiki kabla ya mazoezi. Daftari liwe lile lile la presha ya mzee. Mguu wa kulia ndio utakaokuambia wa kushoto umebakiza sentimita ngapi.